Uvimbe wa ubongo: kutoka sura ya seli hadi jeni

Mgonjwa akiambiwa ana uvimbe ndani ya ubongo, jamaa huuliza: ni wa aina gani? Kwa miaka mingi jibu lilitoka kwa hadubini peke yake.

Mwaka wa 1926, Percival Bailey na Harvey Cushing wa Marekani walipanga aina za uvimbe uitwao glioma kwa kutazama sura ya seli. Kazi hiyo ilisaidia sana. Lakini madaktari wawili waliweza kutazama kipande kimoja na kutoa majina mawili, na jina ndilo linaloongoza matibabu.

Mwaka wa 2005, watafiti wa Lausanne, Uswisi, walionyesha kwamba dawa temozolomidi huwafaa zaidi wagonjwa ambao jeni MGMT imezimwa ndani ya uvimbe. Jeni hiyo ikiwa hai, hurekebisha seli za kansa ambazo dawa imeziharibu. Mwaka wa 2008 likagunduliwa badiliko la jeni IDH1. Wenye badiliko hilo kwa kawaida huishi muda mrefu zaidi.

Mwaka wa 2016 Shirika la Afya Duniani, OMS, likaingiza jeni katika majina yenyewe. Tangu 2021, uvimbe unaoonekana mpole kwa hadubini unaweza kuitwa glioblastoma, aina kali sana, jeni zikionyesha hivyo.

Ndugu msomaji, jamaa yako akipasuliwa, omba kipande cha uvimbe kihifadhiwe ndani ya nta. Kinaweza kupimwa jeni baadaye, hata mbali na hapa.