Reli Nne za Morogoro

Mtu anayetaka kuunda kwa mikono yake mfano mdogo wa treni ya Morogoro hukutana na swali la historia kabla hajashika msumeno: reli ya upana gani?

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Upana wake ni milimita 1,000. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, inapita kusini mwa mkoa kwa milimita 1,067, ili iungane na reli ya Zambia. Tofauti ni milimita 67, hazifiki upana wa kiganja, lakini behewa haliwezi kuzivuka. Ndiyo maana Kidatu, zinapokutana, shehena hulazimika kuhamishwa. Mwaka 2024 ikaanza treni ya umeme, milimita 1,435.

Ya nne haikuwa na ratiba wala tikiti. Ni vijireli vya mashamba ya mkonge, aghalabu milimita 600, vilivyobeba majani kutoka shambani hadi kiwandani. Huko ndiko walikotoa jasho manamba, wengi wao watu wa mikoa ya mbali.

Sasa tupige hesabu. Kampuni ya Lehmann ya Ujerumani ilipotoa treni zake za LGB mwaka 1968 ilichagua uwiano wa 1 kwa 22.5, ili reli ya mita moja iwe milimita 45. Anayejiundia mwenyewe afadhali achukue 1 kwa 20, hesabu ya kichwani: Reli ya Kati milimita 50, TAZARA 53, ya umeme karibu 72, ya mkonge 30. Ila behewa la mita 18 litakuwa sentimita 90, na kona zake zitakula sebule nzima. Akishuka hadi 1 kwa 87, kama wapendavyo wengi Ulaya, nafasi itatosha. Lakini tofauti ile ya Kidatu haitafika hata milimita moja, na mtu atakuwa sentimita 2, hana uso.

Mimi ningechagua mkonge, 1 kwa 20. Troli inakaa kiganjani, na namba wa sentimita 170 anakuwa 8.5, kimo cha kuchongeka kwa kisu. Mataruma yawe vijiti vya mianzi. Milima ya Uluguru, inayopita mita 2,600, ichorwe tu kwenye kitambaa cha nyuma. Kwa uwiano huo ingezidi mita 100, na sijui sebule ya nani ina dari hiyo.