Ligi isiyokumbuka jana

Leo sitaandika kuhusu hifadhidata wala seva. Mezani kwangu kuna daftari la jalada la bluu ambalo limenifanya nisome historia wiki nzima badala ya kufanya kazi ninayolipwa.

Daftari ni la mtoto wa mjomba wangu, hapa hapa Likoni. Ndani ameandika matokeo ya ule mpira wa kompyuta unaoonyeshwa kwenye maduka ya kamari: timu zenye majina ya miji ya Uingereza, mechi ya dakika chache, msimu mzima unaisha ndani ya saa chache kisha mwingine unaanza. Ameandika misimu 26, pamoja na malipo yaliyotangazwa kwa kila mechi. Na kabla ya kila msimu amechora jedwali lake la utabiri: bingwa nani, wa pili nani, watakaoshuka ni kina nani. Alinijia akasema, "Wewe si umesomea haya mambo? Nitengenezee programu initabirie ligi moja tu. Sitaki zote." Baadaye ndipo nikajua kwamba pesa alizokuwa akiweka pale ni zile alizokuwa akidunduliza anunue pikipiki ya bodaboda.

Basi nikajiuliza: ligi ya kuigiza inatabirika?

Wamarekani ni wakongwe wa mchezo huu. Mwaka 1961 Hal Richman alianza kuuza Strat-O-Matic, mchezo wa besiboli wa kadi na dadu. Kila kadi ilikuwa mchezaji halisi, na namba zilizokuwa kwenye kadi zilitokana na alivyocheza kweli. Futiboli yao, ile ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, nayo ikaigizwa; mwaka 1998 Jim Gindin akatoa Front Office Football, ambapo wewe ni meneja unayesajili na kuachisha wachezaji. Ligi yao halisi ya NFL ina timu 32, na tangu 2002 zimegawanywa katika makundi 8 ya timu nne nne. Kwa hiyo katika ligi hizi za kuigiza, kabla msimu haujaanza, mtu hukaa akaandika utabiri wa kundi moja tu: timu nne, na sababu zake. Hii imempoteza mrushaji wake mkuu, ile ina mabeki waliozeeka. Kwa Waingereza, ndugu wawili, Paul na Oliver Collyer, walitoa Championship Manager mwaka 1992, na wengi wetu tumekesha na warithi wa mchezo ule.

Tazameni kinachofanya utabiri wa namna hiyo uwe na maana. Programu inakumbuka. Mchezaji ana umri, ana mkataba, akivunjika mguu Oktoba hachezi Novemba. Msimu wa leo umezaliwa na msimu wa jana.

Hesabu yenyewe ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1898 Ladislaus von Bortkiewicz alichapisha kitabu chenye hesabu ya askari wa Prussia waliouawa kwa mateke ya farasi, akaonyesha kwamba matukio adimu kama hayo yanafuata kanuni ya Poisson. Mabao nayo ni matukio adimu, kama anavyojua kila aliyeangalia sare ya bila kwa bila juani. Mwaka 1982 M. J. Maher alitumia kanuni hiyo kuipa kila timu namba mbili, ya kushambulia na ya kulinda. Mark Dixon na Stuart Coles wakairekebisha mwaka 1997: wakasawazisha zile sare za mabao machache, na wakaipa mechi ya karibuni uzito kuliko ya zamani. Ukishapata namba hizo unachezesha ligi mara elfu kumi na kuhesabu nani amemaliza juu. Njia hii ya kubahatisha mara nyingi alianza kuiwazia Stanislaw Ulam mwaka 1946, alipokuwa akijiuguza na kucheza karata peke yake. Wenzake wakaiita Monte Carlo, kwa jina la mji wa kamari! Mtoto wa mjomba angecheka.

Kuna na kisa kingine nakipenda zaidi. Baridi ya 1962 kuingia 1963 iliganda viwanja vya Uingereza, mechi zikaahirishwa wiki kwa wiki, na kampuni za kubashiri matokeo zikakosa mechi za kulipia. Zikafanyaje? Januari 1963 zikakusanya jopo, wakiwemo Tom Finney na Tommy Lawton waliowahi kuichezea Uingereza, wakaketi chumbani na kuamua: mechi hii ingekuwa sare, ile mgeni angeshinda. Watu wakalipwa kwa mechi ambazo hazikuchezwa. Ni uigizaji bila kompyuta, ila wale wazee walikuwa na kumbukumbu vichwani.

Sisi yetu ilikuja 2020. Machi ligi ya Kenya ikasimama kwa sababu ya korona. Chuo kikafungwa, nikarudi nyumbani Likoni, na Aprili kuingia na kutoka Mombasa kukapigwa marufuku. Tarehe 30 Aprili shirikisho likatangaza msimu umekwisha na Gor Mahia, iliyokuwa ikiongoza, ndiyo bingwa. Mimi kwa uchungu wa kukaa ndani nikaandika programu yangu ya kwanza ya mpira, nikachezesha mechi zilizobaki. Gor ilibaki juu mara nyingi, jambo ambalo halikuhitaji kompyuta. Bandari yetu, iliyokuwa ya pili 2018 na ya pili tena msimu wa 2018/19, haikunipa raha. Lakini mpira wa kompyuta haukusimama hata siku moja. Wakati huo ndipo mtoto wa mjomba alipouzoea.

Turudi kwenye daftari. Niliingiza matokeo yote kwa mkono, usiku, kwa wiki mbili. Mara ya kwanza programu ikaonyesha kwamba timu iliyoshinda mechi tatu mfululizo inaelekea kushinda ya nne. Saa tano za usiku nikafurahi kijinga, nusura nimpigie simu. Asubuhi nikiwa kwenye feri nikagundua kosa langu: nilikuwa nimeipima programu kwa matokeo yale yale niliyoifundishia. Ni kama mwalimu anayetoa mtihani wa maswali aliyoyajibu ubaoni jana.

Nikarudia sawasawa. Misimu 13 ya kwanza kufundishia, 13 ya mwisho kupimia. Ule ushindi wa mfululizo ukapotea kabisa. Timu kubwa zinashinda zaidi, ndiyo, lakini ukubwa huo tayari umo kwenye malipo yaliyotangazwa kabla ya mechi. Ukishayajua malipo, jedwali la msimu uliopita halikuongezei kitu. Hakuna aliyeumia, hakuna kocha aliyefukuzwa. Msimu wa nane haujui kwamba kulikuwa na wa saba.

Na malipo yenyewe yamepangwa. Chukua mfano wa 2.00 kwa mwenyeji, 3.20 kwa sare, 3.40 kwa mgeni. Gawanya moja kwa kila namba: 0.500, 0.3125, 0.294. Jumlisha upate karibu 1.107. Uwezekano wa mambo yote ulipaswa kuwa 1 kamili. Hiyo ziada ni ya mwenye duka. Ukigawa shilingi 100 kwenye matokeo yote matatu kwa uwiano huo, litokee lolote lile, unarudishiwa takriban 90. Katika mpira halisi unaweza kumzidi mwenye duka kwa kujua kitu asichokijua, pengine kipa kalala na homa. Hapa hakuna kipa.

Nilimweleza haya tukiwa barazani kwao. Hakubisha. Aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo yale majedwali yangu yote?" Nikamwambia yameandikwa kwa mwandiko mzuri. Akaniachia daftari. Pikipiki bado hajanunua, na sijamuuliza zilipotea ngapi.

Jumapili akanitumia ujumbe: je, programu yangu inaweza kuniambia Feisal walifanyaje? Feisal ya Mombasa ilichukua ubingwa wa Kenya mwaka 1965, na tangu hapo hakuna klabu ya Pwani iliyorudia. Ligi ile ilikumbuka. Kwa hiyo naomba, yeyote mwenye gazeti la zamani, au mzee nyumbani aliyeandika matokeo ya mwaka huo, mechi kwa mechi, aniandikie. Hata kurasa zilizoliwa na mchwa nitapokea. Kazi ya kuingiza namba amesema ataifanya yeye.