Snea Yetu ya Kwanza Ilikuwa Chupa

Wasee, maprodyuza hubishana kila siku: snea ya zamani ya Ludwig ama ya Gretsch, gani tamu? Sawa, lakini Nairobi iko na hesabu yake.

Enzi za George Mukabi, kabla ya uhuru, gitaa kavu halikuhitaji seti ya ngoma. Mtu alikwaruza chupa ya soda kwa kipande cha chuma. Fanta ndiyo ilipendwa, juu ya ile mistari yake. Sauti kavu, kali, inapenya.

Miaka ya 70 seti za ngoma zikashika. Skiza Shirati Jazz ya D.O. Misiani, halafu Les Wanyika kwa "Sina Makosa". Chini ya snea kuna nyaya; ukigonga ngozi ya juu, zinatetemeka na kutoa mkwaruzo. Ni kazi ileile ya chupa! Na hakuna mapigo mawili yanayofanana, kwa sababu ni mkono wa mtu.

1980 Roland wakatoa TR-808: snea ya umeme, toni mbili na kelele. Kufika kapuka na genge, kompyuta ndiyo ilikuwa inagonga, kila pigo kopi ya lililopita. Tuliruka nayo, siwezi kataa.

Lakini ukitaka snea yenye ladha ya hapa, usidownload tu ya Marekani. Toka Satellite, enda Kenyatta Market kwa wauza santuri, uskize. Chukua chupa, urekodi yako.

Na kitu moja: waimbaji wa hizo ngoma tunawataja. Waliogonga snea je? Kama ni guka ama babu yako, muulize leo.