Kwa Nini "Bigger" Ina G Mbili: Historia ya Tahajia ya Ulinganishi na Darasa la Rwanda

Mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa kama lugha ya kufundishia. Baadaye Kinyarwanda kilirudishwa katika madarasa matatu ya mwanzo, kisha mwaka 2019 ikatangazwa kuwa Kiingereza kitumike tangu darasa la kwanza. Miongoni mwa maneno yanayomtatiza mtoto katika imla ni vivumishi vya ulinganishi na vya upeo, kama vile bigger, nicer na happiest. Anayeandika "biger" au "happyest" huwekewa alama ya kosa na kuambiwa akariri. Insha hii inatetea hoja kwamba kanuni hizo zina asili yake katika historia, na kwamba mwalimu anayeijua asili hiyo ana jambo la kumweleza mtoto zaidi ya kumwambia akariri.

Kwanza tutazame mtoto anatoka katika lugha gani. Kinyarwanda hulinganisha kwa kitenzi kuruta, yaani kuzidi, kama vile Kiswahili kinavyotumia kushinda au kuliko. Kifaransa, ambacho walimu wengi walisomea, huweka neno plus mbele ya kivumishi, isipokuwa kwa vivumishi vichache. Kiingereza hubadili umbo la kivumishi chenyewe. Viambishi vyake ni vya kale: kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, ulinganishi uliishia kwa -ra na upeo kwa -ost au -est. Kwa hiyo mtoto wa Rwanda hajifunzi tahajia tu, bali anajifunza pia njia mpya ya kulinganisha.

Sasa tuje kwenye konsonanti mbili. Katika Kiingereza cha kale konsonanti iliyoandikwa mara mbili ilitamkwa kwa kukazwa zaidi. Mkazo huo ulipopotea katika matamshi, herufi mbili zilibaki kwenye maandishi zikapewa kazi nyingine, nayo ni kuonyesha kwamba irabu iliyotangulia ni fupi. Mapema, katika karne ya 12, mtawa aliyeitwa Orm alikuwa ameandika kitabu cha mahubiri akirudufu konsonanti baada ya irabu fupi katika silabi zilizofungwa, na akawasihi wanakili wasiziondoe. Tahajia yake haikufuatwa na wengine, lakini inaonyesha kwamba tatizo la kutofautisha irabu ndefu na fupi ni la zamani sana. Mfano mzuri ni later na latter. Yote mawili asili yake ni ulinganishi wa neno late, ila la kwanza lina irabu ndefu na t moja, na la pili lina irabu fupi na t mbili. Leo yana maana tofauti, na jicho huyatenganisha kwa herufi moja tu.

Kanuni ya pili inahusu e ya mwisho. Zamani e hiyo ilitamkwa. Ilipoacha kutamkwa, ilibaki kama ishara ya irabu ndefu. Richard Mulcaster, mwalimu mkuu wa shule moja ya London, aliitetea kazi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1582. Neno nice likiongezwa -er, e ya kiambishi inatosha kufanya kazi hiyo, ndiyo maana hatuandiki e mbili.

Kanuni ya tatu ni ya y na i. Kwa karne nyingi wanakili walizitumia herufi hizi kwa kubadilishana. Wapiga chapa wa karne ya 16 na 17 waliandika happie na happy pia. Desturi ilipotulia, y ilipewa nafasi ya mwisho wa neno na i nafasi ya katikati. Hivyo i ya happier haikuja kuifukuza y, kwani zote mbili zilikuwapo, zikagawana nafasi. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 ilisaidia kuimarisha desturi hizi Uingereza, na kitabu cha tahajia cha Noah Webster cha mwaka 1783 kilizipeleka katika madarasa ya Marekani kwa mamilioni ya nakala.

Historia hii ina faida gani kwa mwalimu wa Kigali au Huye? Mtoto wa Kinyarwanda tayari ana sikio la irabu ndefu na fupi. Neno umusambi likitamkwa kwa irabu fupi ni mkeka, na likirefushwa ni korongo mwenye taji, ingawa katika maandishi ya kawaida hayatofautiani. Mtoto huyo, kwa hiyo, anaandika "biger" kwa sababu maandishi ya lugha yake hayajawahi kumdai alama ya ufupi wa irabu. Hajakosa akili, ila anafuata kanuni anayoijua. Mwalimu anaweza kuanzia hapo: amsomee later na latter, amuulize ni ipi fupi, kisha amwonyeshe jinsi Waingereza walivyochagua kuuandika ufupi huo. Baada ya hapo bigger, hotter na thinnest hazitakuwa tena maneno matatu ya kukariri, bali mifano mitatu ya jambo moja.

Vyuo vya ualimu huwafundisha walimu wetu kanuni zenyewe. Vikiongeza saa chache za historia ya tahajia, mwalimu ataweza kulisoma kosa la mtoto kabla ya kulisahihisha.