Masihi wa Uongo na Mapipa Mawili ya Hamburg



Qur-an inampa Nabii Isa bin Maryam (A.S.) jina la Al-Masih. Dajjali, ambaye jina lake halimo ndani ya Qur-an bali katika Hadithi, naye anaitwa Masihi, lakini mwongo. Mtume (S.A.W.) ametuonya pia kuwa kabla ya Kiyama watatokea waongo karibu thelathini, kila mmoja akidai utume. Katika Injili ya Matayo, sura ya 24, Wakristo wanasoma onyo linalofanana na hilo: masihi wa uongo watafanya ishara kubwa. Tuzingatie hapo. Hatukuambiwa kuwa mwongo atashindwa kufanya maajabu.

Tuwatazame Mayahudi wa karne ya 17. Mwaka 1648 maelfu yao waliuawa huko Ukraine, na mwenye msiba humsubiri mwokozi. Mwaka 1665 huko Ghaza, kijana aitwaye Nathan alimtangaza Sabbatai Zevi, mzaliwa wa Izmir, kuwa ndiye masihi. Barua zikaifikisha habari hiyo mpaka Amsterdam na Hamburg. Watu wakafunga na kutubia (wala hawakuwa wajinga tu, marabi wakubwa walikuwemo).

Glückel wa Hameln, mama wa Kiyahudi aliyeandika kumbukumbu zake, anasimulia kuwa baba mkwe wake aliihama nyumba yake, akapeleka Hamburg mapipa mawili yenye vitambaa vya kitani, njegere, maharage na nyama kavu, tayari kwa safari ya Nchi Takatifu. Yakakaa zaidi ya mwaka. Mwishowe ikabidi chakula kitolewe kisije kikaharibu vitambaa. Vitambaa viliendelea kusubiri, kama miaka mitatu hivi.

Na masihi mwenyewe? Septemba 1666 alifikishwa Edirne kwa Sultani Mehmed IV. Kuhofia kifo, akavaa kilemba, akasilimu, akapewa cheo na mshahara. Wengi waliona aibu wakanyamaza. Wengine wakasema kusilimu kwake ni siri ya Mungu! Alikufa mwaka 1676, na mwaka 1683 familia zipatazo 300 za Salonika zikasilimu kwa nje ili kumfuata. Hapo ndipo panapotutisha sisi.

Tusiwacheke. Tarehe 1 Muharram 1400 (20 Novemba 1979) Waislamu wenye silaha waliuteka Msikiti Mtukufu wa Makkah, wakampa bay'ah Muhammad al-Qahtani kuwa ndiye Mahdi. Miongoni mwa hoja zao zilikuwa ndoto. Mapigano yalichukua wiki mbili, wakafa mamia, na huyo Mahdi wao akauawa humo humo msikitini.

Wallahu a'lam.