Mto Tana Ulikuwa na Kalenda Yake

Ukiwa Embu mjini, Rupingazi ni mto wa kuvuka tu. Unachungulia chini sekunde mbili, matatu inapita, unarudi kwa simu yako. Kule Meru, Kathita nao unatazamwa hivyo hivyo. Ni nadra mtu kuuliza maji yakitoka hapa yanaenda wapi.

Yanaenda Tana, yote mawili, ila kwa njia tofauti. Rupingazi unaingia mto Thiba, na Thiba unaingia bwawa la Kamburu. Kathita unajiunga na Tana kule chini, mto ukishapita bwawa la mwisho. Shika hiyo tofauti, tutairudia.

Tana ndio mto mrefu kuliko yote Kenya, kama kilomita 1,000. Kwa karne nyingi ulikuwa ukifurika mara mbili kwa mwaka: masika, halafu tena vuli. Huku milimani hiyo ilikuwa mvua tu. Kule chini, kuanzia Garissa hadi delta, ilikuwa kalenda. Maji yalipanda juu ya kingo na kuacha udongo mweusi, na Wapokomo wakapanda mpunga na migomba kwenye unyevu huo. Samaki nao waliingia kwenye nyasi zilizofunikwa, wakataga mayai, na vifaranga wakakua huko mbali na mkondo mkali. Maji yaliporudi mtoni, mabwawa ya asili kama Shakababo na Bilisa yalibaki yamejaa kambare na kamongo. Kiangazi kilipokaza, Waorma walishusha ng'ombe wao kwa majani yaliyoachwa na maji.

Kwa hivyo mafuriko yalikuwa mbolea, kitalu cha samaki na malisho kwa mpigo. Yalikuwa na hatari zake, ndio. Yale ya 1961 bado yanasimuliwa. Lakini watu walijua yanakuja lini.

Kisha nchi changa ikahitaji stima. Kindaruma lilikamilika mwaka 1968, likafuatwa na Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Ukishuka kutoka Embu kwenda Kiritiri, joto likipanda na migunga ikianza, umefika nchi ya mabwawa haya. Nairobi iliwaka kwa maji ya huku, ilhali wengi walioishi kando ya mabwawa waliendelea na koroboi miaka na miaka, nyaya zikipita juu ya paa zao.

La kuangalia zaidi ni Masinga. Liko juu ya mengine yote, na kazi yake ni kuweka akiba. Lilijengwa kubeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.5. Linakamata maji ya masika na kuyaachilia polepole wakati wa kiangazi ili mitambo isisimame. Kwa mhandisi hiyo ni kazi safi. Kwa samaki wa delta, ni kama mtu ameng'oa ukurasa wa Mei kwenye kalenda. Mafuriko ya kawaida yalipungua, na udongo uliokuwa ukirutubisha mashamba ukaanza kutuama nyuma ya ukuta. Mashamba ya milimani yamekuwa yakimomonyoka, na Masinga limejaa matope haraka kuliko wahandisi walivyokadiria.

Tuseme ukweli wote lakini. Huku juu tulipata samaki. Masinga na Kamburu yalizaa uvuvi wa tilapia na kambare mahali ambapo zamani uvuvi haukuwa kazi ya wengi. Tulipata stima na samaki, delta ikapoteza kalenda. Mkataba wa Ramsar uliitambua delta hiyo mwaka 2012 kama ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Hata hivyo, hadhi haijazi bwawa la Shakababo.

Sasa hali ya hewa imeingia. Hewa yenye joto hubeba unyevu mwingi, kwa hivyo mvua ikinyesha inanyesha kwa hasira. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo. Kisha masika ya 2024 mabwawa yakajaa na kumwagika, na watu wa Garissa na Tana River wakaambiwa wahame. Bwawa lililojaa haliwezi kuzuia tena. Mafuriko madogo yenye faida tuliyazima, makubwa yanayobomoa nyumba yanapita tu.

Turudi kwa Kathita. Kathita na Mutonga zinaingia Tana chini ya Kiambere, kwa hivyo bado zinapeleka mafuriko yao wenyewe. Kile kidogo kilichobaki cha kalenda ya zamani kinatoka upande wa Meru na Tharaka. Na kwa miaka mingi kumekuwa na mpango wa bwawa la High Grand Falls, chini ya Mutonga. Likijengwa na kuendeshwa kama Masinga, ukurasa huo nao utang'olewa.

Kuna njia nyingine. Kaskazini mwa Kameruni, bwawa la Maga lilijengwa mwaka 1979 na kukausha tambarare za Waza-Logone. Mwaka 1994 maji yakaruhusiwa kupita tena kwa majaribio, kwa mpango. Nyasi zilirudi, samaki wakarudi, na mifugo pia. Tana inaweza kufanyiwa hivyo: mafuriko ya kupangwa, yenye tarehe, ambayo wakulima na wavuvi wametangaziwa mapema. Stima kidogo itapotea mwezi huo. Hapo ndipo penye ubishi, na ubishi huo unatuhusu sisi tunaowasha taa, si wavuvi wa Garsen peke yao.

Siku nyingine ukivuka Rupingazi, chungulia zaidi ya sekunde mbili. Maji yale yalikuwa na miadi na watu huko chini, na sisi ndio tuliyavunjia.