Ubao mama, kuwaka bila picha

Hitilafu ya kompyuta ambayo kwayo umeme huingia, feni zikazunguka na taa zikawaka, ilhali kioo kimebaki cheusi. Mashine, kama ilivyokuwa ile ya IBM ya mwaka 1981, hujikagua yenyewe kabla ya kusoma diski, na ukaguzi huo ukikwama kwenye prosesa, RAM au kadi ya picha, hapana kitakachoonekana. Fundi mwenye busara, basi, huanza kwa lililo jepesi: kwamba waya wa kioo umechomekwa katika kadi ya picha, pale kadi hiyo ilipo, wala si katika tundu la ubao; na kwamba plagi ya volti 12 ya prosesa, ambayo aghalabu husahauliwa, imekaa sawasawa. Kununua ubao mwingine kabla ya hayo ni israfu.

Mshukiwa mkuu ni RAM. Umeme ukisha kukatwa, vijiti vyote hutolewa, meno yake ya dhahabu yakasuguliwa taratibu kwa raba safi, kisha kimoja kikarudishwa na kukandamizwa mpaka kibano kilie. Betri ya CR2032, ya volti 3, nayo ikitolewa kwa dakika chache, mipangilio iliyofisidika aghalabu hurejea asili yake. Spika ndogo ikiwapo, isikilizwe: katika kompyuta za IBM za awali, mlio mmoja mrefu na miwili mifupi ulikuwa dalili ya kasoro ya kadi ya picha. Na endapo RAM yote imetolewa wala spika isilie, shaka huhamia kwa prosesa au ubao wenyewe.